Kiyoyozi cha nyumba nzima kimegoma kuwaka: pa kuanzia kabla ya kumwita fundi

Joto limepanda, umeshusha namba kwenye themostati, kile kidhibiti joto cha ukutani, mpaka mwisho, na nyumba imekaa kimya. Kabla hujaomba namba ya fundi kwenye grupu la WhatsApp, jua kwamba kiyoyozi cha aina hii kikigoma kuwaka, mara nyingi hakijafa. Kuna kitu kimekizuia. Mfumo wenyewe umejaa swichi za usalama, na karibu kila moja inaweza kukizima bila kukuambia sababu. Kazi yako ni kutafuta ni ipi iliyozima, na kujua pa kukomea.

Mfumo una mashine mbili. Ya ndani, ambayo huwa darini, kabatini au chini ya nyumba, inasukuma hewa. Ya nje ni lile boksi la chuma lenye feni, ndimo ilimo kompresa, pampu inayozungusha gesi ya kupoza. Katika nyumba nyingi za Marekani na Kanada boksi la nje linakula volti 240 kwa breka yake, na mashine ya ndani nayo ina breka yake. Themostati inaziamrisha zote mbili kupitia nyaya nyembamba za volti 24. Kwa hiyo tega sikio kwanza: ni ipi iliyonyamaza?

Zikiwa kimya zote mbili, anza na themostati. Hakikisha iko kwenye "COOL". Wengine huiacha kwenye "HEAT" tangu baridi ilipoisha. Namba uliyoweka iwe chini ya joto la chumba. Skrini ikiwa tupu, badilisha betri. Kama haina betri, umeme wake unatoka kwenye mashine ya ndani, na tatizo liko huko. Halafu subiri dakika tano. Mifumo mingi huchelewesha kompresa kwa makusudi ili isiwashwe ikiwa bado ina presha ya mzunguko uliopita. Anayezima na kuwasha kila dakika anazidi tu kujichelewesha.

Baada ya hapo nenda kwenye boksi la breka. Breka iliyojikata haiendi mpaka "OFF". Hubaki katikati, na kwa haraka utaiona kama iko sawa. Isukume mpaka "OFF" kabisa, kisha irudishe "ON". Fanya hivyo mara moja tu. Ikijikata tena, iache. Huenda kuna shoti au kompresa imekwama, na kuilazimisha breka ni kutafuta moto.

Karibu na mashine ya ndani kuna swichi inayofanana kabisa na ya taa. Aliyepanda darini kutafuta sanduku akaizima akidhani anazima taa, huyo ndiye mkosaji wako. Kama umebadilisha filta hivi karibuni, bonyeza mlango wa mashine ukae barabara: nyuma yake mara nyingi kuna kitufe kinachokata umeme mlango usipofunga vizuri.

Sasa tuje kwenye maji, ambayo ndiyo yanayowashangaza watu. Kiyoyozi kikipoza hewa hukamua unyevu wake, na siku ya fukuto hayo ni maji mengi. Yanadondokea kwenye sinia chini ya koili, yale mabomba baridi yanayopoza hewa, na kutoka kwa bomba la plastiki. Bomba hilo hulala na giza na ubichi, kwa hiyo huota utelezi wa kijani na kuziba. Maji yakijaa, kuna boya dogo linaloinuka na kukata umeme ili dari lako lisiloe. Ukimulika tochi ukaona maji yametuama kwenye sinia, umeshapata jibu. Zima mfumo, tafuta mdomo wa bomba nje ya nyumba, weka vakyumu inayoweza kufyonza maji, zungushia kitambaa mahali zinapokutana, uivute kwa dakika mbili tatu. Itatoka tope inayonuka, usiogope. Kisha mimina kikombe cha siki nyeupe kwenye tundu la bomba upande wa ndani. Maji yakishatoka, boya hushuka, nawe unaweza kuuwasha mfumo tena.

Mambo yanakuwa tofauti kama ndani kunapuliza hewa ya vuguvugu lakini nje kimya. Ukutani kando ya boksi la nje kuna kisanduku chenye mshikio wa kuchomoa. Angalia kama mshikio umeingia sawasawa. Baadhi yake ukiugeuza kichwa chini unabaki umezima. Uliza pia kama nyumba imeandikishwa kwenye mpango wa kampuni ya umeme wa kupunguza matumizi siku za joto kali, maana kampuni inaweza kuizima kompresa kwa muda ikiwa mbali. Na usicheke: kusini mwa Marekani sisimizi huingia katikati ya kontakta, ile swichi inayoipelekea kompresa umeme, wakafa humo na kuzuia vyuma visigusane. Hilo mwachie fundi.

Boksi la nje likinguruma na feni haizunguki, zima mara moja. Mshukiwa wa kwanza ni kapasita, kifaa kinachotunza chaji ya kuisaidia mota kuanza kuzunguka. Mtandaoni utaona mtu akiisukuma feni kwa kijiti, usimwige. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya breka kuzimwa, na inaweza kukupiga vibaya. Hapa ndipo unapokomea.

Kama nyumba ni ya kupanga, usifungue chochote zaidi ya themostati, filta na breka. Mwandikie mwenye nyumba kwa meseji au barua pepe, yenye tarehe na nyuzi joto za ndani. Sheria hutofautiana mji kwa mji: Phoenix, mji wa Arizona huko Marekani, kwa mfano, inamtaka mwenye nyumba mwenye kiyoyozi cha kawaida ahakikishe kinaweza kupoza hadi nyuzi 82 za Farenhaiti au chini. Ukiwa na mtoto mchanga au mzee ndani, usisubiri majibu. Mpeleke maktaba au kwa jirani penye ubaridi.

Fundi akija, mwambie ni mashine ipi iliyonyamaza, breka imejikata mara ngapi, na kama uliona maji au barafu. Akisema "gesi imeisha", muulize imevujia wapi. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haitumiki kama petroli. Ikipungua, pana tundu. Marekani anayeishika lazima awe na cheti cha EPA (shirika la serikali la mazingira), kile cha kifungu cha 608 cha sheria ya hewa safi, nawe una haki ya kuomba kukiona.