Jinsi ya kuomba ruzuku ya kufufua ardhi iliyochakaa

Fomu isubiri kwanza. Nendeni kwenye eneo lenyewe mkiwa na simu, mlizunguke lote na kuchukua pointi ya GPS kila pembe. Chagueni sehemu nne au tano, wekeni jiwe la alama, simameni hapo mpige picha. Mfadhili akija kuuliza kilichobadilika, mtasimama palepale na kupiga tena.

Hesabuni pia visiki vinavyochipua. Vikiwa vingi, pengine hamhitaji kitalu kabisa. Njia ya kisiki hai, yaani kubakiza machipukizi machache yenye nguvu, kupogoa mengine na kuyakinga na mifugo, imerudisha miti kwenye mamilioni ya hekta za mashamba nchini Niger tangu miaka ya 1980, tena kwa gharama ndogo kuliko kununua miche.

Makaratasi ni yale ya kawaida: cheti cha usajili, katiba, akaunti ya benki ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichopitisha mradi. Linalosumbua ni ardhi. Pateni maandishi ya mwenye mamlaka juu ya eneo hilo, na kama wafugaji hupita hapo kiangazi, wawemo kikaoni na majina yao yaonekane. Uzio haujawahi kumzuia mtu ambaye hakuulizwa.

Mlango mmojawapo wa kubisha ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira wa Dunia), iliyoanza 1992 na kuendeshwa na UNDP, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Fedha zake huenda moja kwa moja kwa vikundi vya jamii na asasi za kiraia. Mtafuteni mratibu wa nchi yenu, mjue tangazo la maombi linatoka lini na kama mnaweza kuandika kwa lugha yenu. Uamuzi hufanywa na kamati ya kitaifa ambayo wajumbe wake wengi hawatoki serikalini.

Kwenye andiko, msiishie kusema “ukataji miti umeharibu mazingira”. Kila mtu huandika hivyo. Elezeni maji yanateremka kutoka wapi, korongo limeanzia kwenye njia gani ya ng'ombe, na mtaanza kuyazuia wapi. Kisha bajeti: msimalizie fedha yote kwenye miche. Tengeni ya kupalilia, kulinda na kujazia iliyokufa, angalau kwa misimu miwili. Nguvu kazi yenu nayo ni mchango: zidisheni siku za kazi kwa ujira wa kibarua, na muwe na daftari la mahudhurio lenye sahihi.

Ruzuku hutolewa kwa awamu, na awamu inayofuata husubiri ripoti ya iliyotangulia. Mvua haisubiri. Pangeni matuta yachimbwe kiangazi na miche iingie ardhini mvua zikishika. Fedha ikichelewa, ombeni kwa barua kusogeza upandaji hadi msimu ujao, kabla hamjanunua hata mche mmoja.