Seti ya shilingi 36: namna ya kuipanga, kuitia bei na kuiuza

Miaka 19 nilikuwa makanga wa matatu, Mtwapa hadi mjini Mombasa. Sarafu nilizijua kwa vidole kabla ya macho. Usiku taa ya ndani imekufa, abiria ananibandika chenji kiganjani, nami najua hii ni mbao, yaani shilingi ishirini, na hii ni kumi bila kutazama. Magoti yalipokataa kazi ya kuning'inia mlangoni, nyumbani nilikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa sarafu nilizokuwa naziweka kando kwa kupenda tu. Leo nina meza ndogo kando ya njia iendayo Fort Jesus, nauza seti za sarafu za Kenya ninazozipanga mwenyewe kwenye kadi. Mwaka huu vijana watatu wamenijia wakitaka kuanza kazi hii. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza kabisa, sarafu hizi si adimu. Mwezi wangu wa kwanza nilimuuzia mgeni seti ya wanyama kwa 1,500, nikamwambia ni za kutafutwa. Kesho yake alirudi. Alikuwa amenunua dafu, na katika chenji yake mlikuwa na simba na tembo walewale. Hakugomba. Aliziweka mezani kwangu mojamoja, akanitazama. Nilimrudishia pesa zake zote na seti nikamwachia, na tangu siku hiyo neno "adimu" halijatoka kinywani mwangu mbele ya mteja. Anachonunua mtu kwako ni kazi: umemchagulia sarafu safi, umezipanga, umemwandikia habari zake, umemwekea kitu atakachokifungua mezani kwao na watoto wakaelewa. Hiyo ina bei yake, na unaweza kuitaja bila kuinamisha macho.

Seti inayouzwa zaidi ni ya wanyama. Sarafu hizi zilizinduliwa tarehe 11 Desemba 2018: shilingi 1 ina twiga, 5 ina kifaru, 10 ina simba, 20 ina tembo. Ukijumlisha ni shilingi 36. Sababu ya wanyama hao ni Katiba ya 2010, kifungu cha 231, kinachokataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu zetu. Habari hiyo iandike kwenye kadi. Nimeona wageni wakiisoma mara mbili, na Wakenya wengi pia hawakuwa wakiijua.

Ya pili naiita seti ya marais watatu. Ina mbao ya Moi ya 1998, arubaini ya Kibaki ya 2003 iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, na mbao ya Mzee Kenyatta, aliyerudi kwenye sarafu kuanzia 2005. Watu wa umri wangu wanaipenda hii kuliko wageni.

Ya tatu hununuliwa na walimu: shilingi moja tu, ikipita zama. Kenyatta wa 1966, Moi wa 1980, Moi wa 1995 iliyo ya manjano, Kenyatta wa 2005, kisha twiga. Nikiwa na sumaku mezani nawaonyesha wanafunzi jinsi shilingi ya 1966 na ya 1980 zinavyokataa kuvutwa, maana ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na ya 1995 inavyoruka kushika, maana ndani ni chuma kilichofunikwa kwa shaba ya manjano. Mtoto mmoja aliniuliza kwa nini serikali iliacha shaba. Nikamjibu kwamba chuma ni rahisi zaidi, na shilingi nayo ilikuwa imepungua nguvu. Mwalimu wake akasema hilo ni somo la wiki nzima.

Kupata sarafu hakuna siri. Mimi hubadilishana na muuza maji, mama wa mahamri na mwenye duka la mtaani. Nawapa noti, wananipa sarafu za thamani ileile. Nikishachambua, zilizobaki nawapelekea makanga wenzangu wa zamani, ambao hawajapata kutoshewa na chenji. Katika sarafu 100 huwa naridhika na 15 hivi. Tafuta zile ambazo manyoya ya shingo ya simba bado yanahesabika na ukingo haujachubuka. Twiga ndiye atakayekuchelewesha, maana bei nyingi sokoni zinaishia kwenye tano na kumi, na shilingi moja haizunguki sana. Ukikutana na twiga safi, mchukue hata kama huna kadi siku hiyo.

Usizisugue. Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona sarafu nzuri zikiuawa kwa dawa ya meno, ndimu, majivu na steelwool. Inang'aa siku mbili, kisha inabaki na mikwaruzo isiyotoka, na mtu anayejua sarafu akiishika tu anairudisha. Kama ina uchafu wa samaki au mafuta, itie kwenye maji safi yenye sabuni kidogo, isuuze, iweke juu ya kitambaa cha pamba na uibonyeze taratibu mpaka ikauke. Uchafu usipotoka kwa hayo, irudishe sarafu sokoni ikanunue mkate. Kisha ishike kwa ukingo, wala usiiguse uso, maana jasho letu la Pwani linaacha alama ya kidole ambayo baada ya miezi inakuwa doa.

Hewa ya chumvi ni adui mkubwa zaidi. Zile zenye chuma ndani huanza kuota kutu ukingoni. Mimi nahifadhi akiba yangu kwenye chupa za plastiki zenye kifuniko kigumu, ndani nimetia vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, vinavyonyonya unyevu. Na plastiki nayo ichague. Ile laini yenye kunuka kama pazia jipya la bafuni iache, maana baada ya muda hutoa utelezi wa kijani juu ya sarafu. Tafuta ile ngumu, nyembamba, isiyo na harufu. Gundi isiguse sarafu kamwe, na usiitoboe kupitisha uzi. Mteja lazima aweze kuitoa na kuirudisha, na hiyo ni pesa ya nchi.

Sasa bei. Chukua daftari. Seti ya wanyama kwangu inakwenda hivi: sarafu zenyewe 36, kadi iliyochapishwa rangi pande mbili kwa cyber 30, vifuko vinne 24, bahasha 10. Hapo ni 100. Kuchagua, kusafisha na kupanga seti moja kunanila dakika 20, na saa yangu nimeitia shilingi 300, kwa hiyo kazi ni 100 nyingine. Ada ya kaunti, nauli na chai vinanitoka 600 kwa siku. Siku ya wastani nauza seti 12, basi kila seti inabeba 50. Jumla 250. Nauza 350.

Wengi wanaoanza wanasahau mstari wa kazi. Wanahesabu sarafu na karatasi, wanaona 100, wanauza 150 na kufurahi, na baada ya mwezi wanashangaa mbona hawana hata ya kununua kadi mpya. Jilipe. Ukimtuma kijana akupangie utamlipa, basi kwa nini wewe ufanye bure?

Duka la hoteli likitaka kuchukua kwa jumla, usilitoze bei ya mezani. Kwao sibebi gharama ya meza, kwa hiyo seti inanisimamia 200. Nawapa kwa 270 wakichukua kuanzia 10, na pesa mkononi. Niliwahi kuacha seti 40 kwenye duka moja kwa makubaliano ya "tukiuza tutakulipa". Zilikaa dirishani juani miezi mitano, kadi zikapauka, nikarudishiwa 31.

Seti ya marais bei yake haitulii kwa sababu ya arubaini ya Kibaki. Hiyo nainunua kwa watu kati ya 100 na 200 kulingana na hali yake, na seti nzima nauza 600. Kila mara napigiwa simu na mtu aliyesoma mtandaoni kwamba arubaini ina thamani ya malaki, na anataka nimuunganishe na mnunuzi. Namwambia ukweli, na ninamwonya: akiambiwa atume kwanza pesa ya "usajili" ili auziwe, akate simu.

Mezani, andika bei ionekane. Na mteja akikuuliza swali gumu, mjibu kabla hajalimaliza. Juzi walishuka waliokuja na treni kutoka Nairobi, mwalimu mmoja akashika seti ya wanyama.

"Mzee, hizi si shilingi 36 tu?"

"Ni 36, mwalimu. Ukiwa na muda, zitafute mwenyewe kwenye chenji yako, utazipata. Ukitaka zilizochaguliwa na kuandikwa, ni 350."

Akacheka, akachukua sita. Nimezoea: mtu akishaambiwa ukweli wa 36, hana tena kitu cha kukushuku.

Punguzo natoa kwa wingi tu. Seti tatu kwa 1,000, darasa zima kwa 300 kila moja. Kwa mtu mmoja na seti moja sishuki, hata jioni, kwa sababu aliyelipa 350 asubuhi anaweza kupita tena.

Mtandaoni nauza kwa picha za WhatsApp, malipo kwa M-Pesa kabla ya kutuma. Piga picha dirishani asubuhi, bila flashi, pande zote mbili, na sarafu ileile utakayotuma. Ndani ya nchi natumia basi la mizigo. Nje ya nchi angalia sana: nauli ya kifurushi kimoja inaweza kuizidi seti yenyewe mara kadhaa, na kanuni za posta haziruhusu sarafu kuingia kwenye barua ya kawaida isiyosajiliwa. Uliza kaunta kwanza, na mshawishi mteja wa ng'ambo achukue seti tano kwa pamoja na nauli alipe yeye.

Msimu ukiisha, karibu na mvua za Aprili, nafungua kadi zilizopauka au kukunjika. Vifuko navirudisha kazini, sarafu safi zinakwenda kwenye chupa, na zilizoanza madoa nampelekea mama wa mahamri anipe mahamri ya asubuhi.