Ramadhani inakaribia, ukitaka kuacha pombe usikate ghafla

Kila mwaka hapa Malindi Shaabani ikifika ni yale yale, vijana wanavunja jungu, wanakunywa mpaka usiku wa mwisho alafu kesho yake wanafunga na kusema mara hii basi tena. Nia nzuri, Mungu awatilie nguvu. Lakini kama wewe ni wa kila siku, yaani ukiamka mikono inatetemeka mpaka upate kitu ndo itulie, tafadhali usikate ghafla, mwili ushazoea na unaeza kuanguka kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na kufika siku ya tatu hivi wengine wanaweweseka, wanaona wadudu ukutani, homa, jasho, moyo mbio. Nyumbani watu wanadhani ni majini. Dua isomwe, lakini gari ya hospitali iwe ishaitwa. Na mtu akianguka mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni.

Kwa hivyo anza sasa. Nenda hospitali kabla hujaacha, mwambie daktari ukweli wote, unakunywa nini, kiasi gani, ya mwisho ilikuwa saa ngapi, ushawahi kuanguka au la. Usione haya. Kuna dawa za kutuliza anazopima yeye, na vitamini B1 maana pombe huimaliza mwilini na ubongo ukaumia. Usijinunulie hizo dawa dukani, zikichanganyika na pombe zinakata pumzi. Hujui pa kuanzia, piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na mihadarati, ni bure.

Chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, kaa nayo mbali kabisa, ikiwa imetiwa methanoli, yaani spiriti ya sumu, macho yanaeza kuanza ukungu hata kesho yake, hapo ni hospitali mbio.

Sheria ya pombe ya Kenya ya 2010 inasema Jumatatu mpaka Ijumaa baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni, na asiuziwe alie chini ya miaka 18. Ifuatwe jamani! Mtu anaejaribu kuacha akipita asubuhi kwenda kazini akute mangwe, kilabu cha mnazi, imejaa wenzake wanamwita, atapona vipi? Chifu na wazee wa mtaa waanzie hapo kabla ya kuhangaika na kijana mwenye msokoto mmoja wa bangi.

Bangi yenyewe unaeza kukata siku moja. Usingizi utapotea, hasira karibu, chakula hakipandi, wiki ya kwanza ndo ngumu na kwa wengi baada ya wiki mbili tatu inapungua. Waambie wa nyumbani mapema wasikuchokoze. Ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usingoje, mwone daktari siku hiyo hiyo.