Usugu wa dawa bandani: unakopita na jinsi ya kuuziba

Kuku hawi sugu kwa dawa. Wanaokuwa sugu ni bakteria wa utumboni mwake. Kwenye seka, vile vifuko viwili vya karibu na mwisho wa utumbo, kila gramu ina mabilioni ya bakteria. Baadhi hubeba plasmidi, yaani vipande vidogo vya duara vya DNA. Mwenye plasmidi hujiunga na jirani yake na kumgawia nakala, hata kama si wa jamii moja: E. koli anaweza kumpa Salmonela. Plasmidi moja mara nyingi hubeba usugu wa dawa kadhaa, hivyo oksitetrasaiklini ya leo inaweza kuwastawisha wasiosikia ampisilini pia. Dawa hufyeka wanyonge, sugu wakabaki na uwanja.

Kwa hiyo anza kwa kujua unatibu nini. Mdondo na Gumboro ni virusi, antibayotiki (dawa ya kuua bakteria) haiviui. Kuhara damu mara nyingi ni koksidia, vimelea vya utumboni, nayo ina dawa yake, kama amproliamu. Peleka kuku wawili au watatu wagonjwa, au waliokufa muda huohuo, mizoga ikiwa imewekwa kwenye barafu, maabara ya mifugo (Tanzania ni Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA) kabla hujawapa chochote. Omba bakteria waoteshwe na kupimwa ni dawa ipi inawaua. Ukishatangulia na dawa, huenda wasiote kabisa.

Daktari wa mifugo akishaandika dawa, kosa kubwa huwa kwenye kipimo. Usipime kwa kijiko wala kwa kukisia. Pima uzito wa kuku kumi, upate wastani. Tuseme una kuku 200 wa kilo 1.5: jumla kilo 300. Dawa imeandikwa miligramu 20 kwa kila kilo kwa siku, basi unahitaji miligramu 6,000. Unga wa asilimia 20 una miligramu 200 katika gramu moja, kwa hiyo ni gramu 30, zipimwe kwa mizani ndogo ya kidijitali. Sasa angalia jana walikunywa lita ngapi. Kama ni 40, gramu hizo 30 ziingie humo. Ukifuata “gramu kadhaa kwa lita” peke yake, kuku wagonjwa wanaokunywa kidogo watapata dozi pungufu, na dozi pungufu ndiyo inayowaneemesha sugu. Maji ya kisima yenye chokaa hushika oksitetrasaiklini isifyonzwe vizuri, vivyo hivyo virutubisho vya kalsiamu, usivichanganye. Changanya upya kila siku, weka kivulini, umalize siku zote ulizoandikiwa.

Kuwapa vifaranga antibiotiki “ya kinga” tangu siku ya kwanza ni kuwalea bakteria sugu mapema. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006. Chanjo na joto la kutosha ndiyo kinga yao.

Kusubiri siku za dawa kutoka mwilini kabla ya kuuza nyama au mayai ni lazima, lakini huondoa mabaki ya dawa tu. Bakteria sugu wanabaki kwenye kinyesi, na kundi jipya likiwekwa juu ya maranda ya zamani linawameza siku hiyohiyo. Toa maranda yote. Sugua kwa sabuni, suuza, acha pakauke, ndipo upulize dawa ya kuua vijidudu, maana kinyesi huidhoofisha. Vyombo vya maji sugua ndani kila siku mpaka ule utando wa utelezi utoke, kwani bakteria hujificha humo. Acha banda tupu siku 14, uwinde panya.

Samadi mbichi usiimwage kwenye mchicha wala bwawa la samaki. Rundika kufikia mita moja, yenye unyevu wa sponji iliyokamuliwa, ipate nyuzi 55 au zaidi kwa siku tatu mfululizo. Igeuze ili ya nje iingie ndani, iache ipate joto tena, urudie mara kadhaa. Joto hilo huua bakteria wengi, ingawa jeni za usugu hazifutiki zote, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kila umalizapo kuigeuza.