Somo: Kupaka rangi kifaru cha 1/35 mpaka kionekane kimetoka kazini

Habari zenu wadau. Tangu nilipoonyesha Type 59 yangu, kifaru kidogo cha plastiki cha kuunganisha ambacho ni cha kipimo cha 1/35, yaani kidogo mara 35 kuliko kile halisi, wengi mmeniuliza vumbi lile na michubuko ile nimeipataje. Niliahidi somo, na leo ndilo hili. Mimi nipo Arusha, upande wa Sakina. Karibu kila kitu nitakachokitaja nimekipata hapahapa mjini, isipokuwa boksi la kifaru lenyewe, ambalo nililetewa na ndugu aliyekuwa safarini.

Kifaru changu cha kwanza nilikijaza kutu kuanzia mzinga hadi madigadi. Baba yangu mdogo, ambaye alikuwa dereva wa malori ya jeshi wakati wa vita vya Kagera, alikishika, akakigeuzageuza, akaniuliza, "Hiki umekiokota wapi?" Nikamwambia kipo vitani. Akasema, "Kilicho vitani kina wenyewe. Wanakifuta, wanakitia grisi, wanakilalia. Kutu hii ni ya gari lililotelekezwa." Tangu siku hiyo sipaki doa lolote kabla sijajua ni nani au ni nini kimeliweka pale. Somo zima limesimama juu ya neno hilo.

Anza kwa kutazama

Nenda mahali wanapotengeneza barabara, uombe ruhusa, usimame pembeni ya katapila kwa nusu saa. Tazama cheni: upande unaokanyaga ardhi unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa, na kwenye maungio udongo umeshindiliwa mpaka umekuwa kama tofali. Tazama pale dereva anapokanyaga akipanda: rangi imelika hapo tu, na nusu mita pembeni bado ni nzima. Msiende Monduli na kamera, tafadhali. Kambi za jeshi hazipigwi picha, na katapila litakufundisha yote unayoyahitaji.

Halafu kijue kifaru chako. Type 59 ni kifaru cha China kilichotokana na T-54A ya Wasovieti, na JWTZ ni miongoni mwa majeshi yaliyokitumia. Kinabeba watu 4 na mzinga wa milimita 100. Bodi lake, bila kuhesabu mzinga, lina urefu wa mita 6 hivi, kwa hiyo kwenye 1/35 unapata kama sentimita 17. Dereva anakaa mbele kushoto. Ekzosi imetokeza juu ya digadi la kushoto, karibu na nyuma. Gurudumu lenye meno linalovuta cheni liko nyuma. Ukiyajua haya matatu, tayari unajua masizi, michubuko na mng'ao vitakaa wapi.

1. Kuosha

Plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kalibu. Ioshe kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, uisuuze, iache ikauke yenyewe. Ukiruka hapa, rangi itabanduka na vidole vyako.

2. Praima

Mimi hutumia praima ya kijivu ya kopo la kupuliza. Ijaribu kwanza kwenye ile fremu iliyoshikilia vipande, kwa sababu baadhi ya praima za magari ni kali na hula plastiki. Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 25, pitisha haraka, tabaka jembamba, subiri, kisha pitisha tena. Arusha yetu ina mambo mawili ya kuangalia: unyevu wa masika na baridi ya Juni na Julai huchelewesha kukauka, na mchana wa kiangazi upepo huleta vumbi. Mimi hupulizia asubuhi, milango ikiwa wazi, kisha nakifunika kifaru kwa beseni lililoinuliwa kidogo kwa vijiti ili hewa ipite.

3. Rangi ya msingi

Kijani cha jeshi, akriliki ya maji. Usikipake kama kilivyo kwenye chupa. Kitu kidogo huonekana cheusi zaidi kuliko kikubwa chenye rangi ileile, kwa hiyo ongeza tone la njano au rangi ya mchanga ili kijani kifunguke. Sehemu za juu zinazopigwa na jua, yaani paa la tareti (kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga) na mgongo wa injini, zichanganyie nyeupe kidogo zaidi. Chini kwenye magurudumu acha kijani kizito. Mpira wa magurudumu upake kijivu cheusi, si cheusi tupu. Mpira wa gari lililotembea Kisongo mara moja tu si mweusi tena.

4. Stika

Zinahitaji uso laini. Paka vanishi ya kung'aa mahali pa stika, bandika, ikikauka paka tena juu yake. Vanishi ya kufifisha inakuja mwishoni.

5. Michubuko

Hapa ndipo wengi tunapoharibu, mimi nikiwa wa kwanza. Chukua kipande cha sponji la vyombo, kinyofoe kwa mkono ili kiwe na meno. Chovya kwenye kijani kilichopauka, gusa karatasi mpaka kibaki kidogo sana, ndipo uguse kifaru. Hiyo ni mikwaruzo ya juu isiyofika kwenye chuma. Kisha, kwa brashi nyembamba kabisa, weka kahawia iliyokolea katikati ya baadhi tu ya mikwaruzo hiyo. Hapo chuma kimetokeza.

Piga hesabu kabla hujagusa: doa la milimita 1 kwenye 1/35 ni tundu la sentimita 3.5 kwenye kifaru halisi. Ukiweka madoa 200 ya ukubwa huo umepaka kifaru kilichopigwa mawe. Michubuko ikae kwenye ukingo wa mfuniko wa dereva, kwenye mifuniko ya tareti, kwenye kona za madigadi na mahali watu wanapokanyaga wakipanda. Ubavuni mwa tareti, ambako hakuna anayeshika, acha rangi ipumzike.

6. Wino wa mafuta

Rangi ya mafuta ya tyubu, kahawia iliyoiva. Wachoraji wa picha hapa mjini wanazo, na ukiwaomba kwa heshima watakuelekeza duka. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha kwenye kifuniko cha soda chenye waiti spiriti. Gusisha ncha ya brashi kwenye maungio na kuzunguka boliti, wino utakimbia wenyewe. Baada ya dakika 20 hivi, chukua brashi safi yenye unyevu kidogo na uvute ziada kuelekea chini, sawa na maji ya mvua yanavyotiririka. Usivute pembeni, maana mvua hainyeshi kwenda pembeni. Acha siku nzima ikauke.

7. Cheni

Paka kahawia nyeusi kwanza. Ikikauka, sugua penseli ya 6B kwenye uso unaokanyaga ardhi, halafu papase kwa kidole. Utaona chuma kinajitokeza. Kwenye familia hii ya vifaru hakuna vigurudumu vidogo vya kubeba cheni juu, hivyo cheni hulala juu ya magurudumu yenyewe. Ibonyeze na uigundishe ilale. Cheni iliyonyooka kama kamba ya kuanikia nguo inaua kazi yote.

8. Vumbi na tope

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo ninapopapenda.

Udongo wa kweli ni mzuri, ila lazima uchekechwe. Chembe ya milimita 1 kwa kipimo chetu ni jiwe la sentimita 3.5. Ukaushe kwenye kikaango cha zamani, utwange, uchekeche kwa soksi nyembamba ya kike, kisha uchekeche tena. Kinachobaki ni laini kama poda ya mtoto.

Jiulize kifaru chako kipo wapi. Udongo mwekundu wa kandokando ya barabara ya Marangu unafaa kwa kifaru cha Kagera, maana kule nako ardhi ni nyekundu. Lakini ukitengeneza kifaru kilichofika Lukaya, Uganda, mwezi Machi 1979, kumbuka barabara ile inakatiza kinamasi. Hapo chini kunataka tope jeusi lenye nyasi, na vumbi jekundu lililokauka libaki juu, kwa sababu ni la siku zilizopita. Tabaka hizo mbili zinasimulia safari. Kifaru cha jangwa la Libya hakina haki ya kuvaa udongo wa Marangu, hata kama unao debe zima.

Vumbi: weka unga mkavu kwa brashi laini kwenye pembe na chini ya madigadi, kisha dondoshea waiti spiriti kidogo ili ushike. Tope: changanya unga na gundi nyeupe ya mbao, maji na tone la sabuni. Chovya brashi ngumu, isogeze karibu na magurudumu, kwangua nywele zake kwa kijiti ili tope liruke lenyewe. Tope lililopakwa kwa mkono linajulikana.

9. Masizi

Saga mkaa wa jikoni, chekecha, weka kidogo kwenye digadi la kushoto ilipo ekzosi na nyuma yake. Kutu nyekundu ikae hapo pia, kwa sababu ekzosi huungua na kupoteza rangi. Halafu vanishi ya kufifisha, tabaka moja jembamba, basi.

Maswali ya wanachama

*Mdau wa Soweto, Moshi:* Shikamoo mwalimu. Waiti spiriti sina. Naweza kutumia thina ya gereji au mafuta ya taa?

Marahaba. Thina ya gereji usiisogeze kabisa, itayeyusha plastiki mbele ya macho yako. Mafuta ya taa yanawezekana juu ya akriliki iliyokauka vizuri, ila hukawia kukauka na huacha mng'ao. Jaribu upande wa chini wa bodi kwanza.

*Dada wa Njiro:* Mimi ekseli za magurudumu zilikatika zenyewe baada ya wino. Sikuzilazimisha hata kidogo.

Pole sana dada. Wino ulifika kwenye plastiki tupu. Spiriti ikiingia kwenye ufa au kwenye kiungo kilichobanwa, plastiki hupasuka. Paka akriliki kila mahali, hata kusikoonekana, kisha vanishi, ndipo wino. Na usimwagie, gusisha tu.

*Mdau wa Ngaramtoni:* Sina kompresa ya kupulizia rangi. Brashi peke yake itafaa?

Itafaa. Punguza rangi kwa maji mpaka iwe kama maziwa, paka tabaka 3 au 4, na kila moja ikauke kabla ya nyingine. Kifaru kinasamehe, maana vumbi litafunika alama ndogo za brashi. Ndege ndiyo haisamehi.

*Mzazi wa Majengo, Moshi:* Mwanangu ana miaka 9 na amelipenda hili jambo. Kuna hatari?

Mwache afanye hatua ya 1, 3 na 8, kwa rangi za maji na gundi nyeupe. Kopo la kupuliza, spiriti na kisu vibaki mikononi mwako. Wakati wa kuchekecha udongo na mkaa nyote mvae barakoa, na spiriti iwe mbali na jiko.

*Opereta wa katapila, Arusha:* Kaka, hongera. Mimi naendesha hiyo mashine uliyotutuma kuitazama. Penseli umeiweka kwenye cheni peke yake. Yale meno ya gurudumu la nyuma yanasuguana na cheni kutwa nzima, kwa hiyo ubavu wa jino hung'aa kuliko hata chini ya cheni. Na udongo ukishikwa pale katikati ya meno hautoki mpaka uuchokonoe na nondo.

Kaka, asante sana. Nimekichukua kifaru sasa hivi nikakitazama, na meno yangu yote ni ya kijani tupu. Jioni hii narudi na penseli, na ule udongo wa katikati ya meno nitauongeza. Kama hutojali, ukipata nafasi tupigie picha ya gurudumu hilo kabla hujaliosha.