Namna ya Kuzeeka na Mipasho: Mwongozo kwa Waliokuwa Vijana Miaka ya Tisini

Mwongozo huu nimewaandikia wale waliokuwa vijana wakati taarabu ya mipasho ilipotikisa Dar es Salaam, Tanga na Unguja, ambao leo ni mabibi na mababu, wengine mahujaji, wengine wazee wa kanisa, na bado moyo huwaruka pindi kinanda kinapoanza. Nyimbo walizozipenda zilikuwa za uchokozi wa wazi: zilimsema mke mwenza, zilimkejeli jirani, zilitangaza mapenzi ambayo wazazi waliyataja kwa kunong'ona tu, na wanawake walizicheza kwa namna iliyowakera wengi. Naamini mtu anaweza kuzeeka na nyimbo hizo bila kupoteza heshima yake, asizikane wala asijifanye kuwa bado ana miaka ishirini, lakini jambo hilo lina taratibu zake.

Jambo la kwanza ni kuijua asili ya ulichokipenda, ili usiyumbishwe na kila anayekuambia kwamba kizazi chako ndicho kilichoiharibu taarabu. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi sahani mwaka 1928, aliimba visa vya mjini Unguja vilivyowahusu watu waliojulikana, na kabla ya uhuru vikundi vya wanawake kama Sahib el-Ari na Nuru el-Uyun vilikuwa vikijibizana kwa mafumbo makali. Kilicholetwa na miaka ya tisini ni kasi, vipaza sauti na soko. TOT, yaani kikundi cha Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1992 ilichuana na kikundi cha Muungano mbele ya umma, waimbaji Khadija Kopa na Nasma Khamis wakawa gumzo la kila mtaa, kikundi cha East African Melody kikaja na kinanda cha umeme kikifanya kazi iliyokuwa ya ala za nyuzi kama fidla na ganuni, na vituo binafsi vya redio vilivyoruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1993 vikaifikisha sauti hiyo hadi vyumbani. Anayejua mlolongo huo hana haja ya kuomba radhi kwa ajili ya ujana wake.

Baada ya hapo, shughulikia kaseti zako mapema, kwa maana utepe unaharibika hata ukiwa kabatini, na unyevu wa pwani huuotesha ukungu. Kaseti yenye madoa meupe kwenye utepe usiiingize katika redio, kwani itauchafua mtambo na mtambo utazichafua nyingine. Iweke kando umpelekee fundi. Zilizo safi, vunja kwanza vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya, kisha zungusha utepe wote hadi mwisho na kuurudisha mwanzo kabla ya kuucheza, kwa sababu utepe uliokaa miaka mingi huwa umeshikana na kukaza isivyo sawa. Safisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti na ukiache kikauke kabisa. Kaseti ikitoa sauti hafifu, mara nyingi ni kile kisponji kidogo kinachousukuma utepe kwenye kichwa ndicho kilichobanduka, na fundi mwenye mikono mizuri anaweza kuuhamishia utepe wako katika ganda la kaseti nyingine iliyofungwa kwa skurubu.

Kuihamishia sauti kwenye kompyuta hakuhitaji vifaa vya studio. Unganisha tundu la hedifoni la redio kaseti na tundu la kuingizia sauti la kompyuta kwa waya, ufungue programu ya kurekodi kama Audacity, ambayo hailipiwi, uhifadhi sauti katika mfumo wa WAV kwanza ndipo utengeneze nakala ndogo za MP3 za kutumia kwenye simu. Dakika 60 za WAV ya kawaida huchukua zaidi kidogo ya megabaiti 600, hivyo kaseti ya dakika 90 haifiki gigabaiti moja, na diski ya bei ya kawaida itabeba kabati zima. Weka nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Nakala hizo ni za familia. Wasanii wengi wa wakati ule wangali hai, na kuziuza au kuzirusha mtandaoni bila ruhusa yao ni kuwanyima haki ambayo enzi za kaseti za kudurufiwa iliwapita sana.

Hata hivyo, sauti peke yake ni nusu ya wimbo, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie zaidi. Mpasho haukukamilika pale mwimbaji alipoufungua mdomo. Mwimbaji hakumtaja mtu; mtu alijitaja mwenyewe au akatajwa na mwenzake ukumbini, pale mwanamke aliponyanyuka kitini na noti mkononi, akapita polepole mbele ya meza ya mbaya wake, akafika jukwaani kutunza katika ubeti uleule aliokuwa akiungoja, kisha akarudi kwa mwendo ambao kila mtu aliuelewa. Kuanzia usiku huo wimbo ulikuwa wake. Kaseti haikurekodi mwendo huo, wala rangi ya khanga aliyoivaa na maneno yaliyoandikwa juu yake, wala jibu alilopewa wiki iliyofuata. Walioyaona wakiondoka, mjukuu atakayerithi kaseti atasikia malumbano ya watu asiowajua juu ya jambo asilolijua, na atashangaa bibi alikuwa akipenda nini.

Kwa hiyo nunua daftari. Kila wimbo upe ukurasa wake, uandike maneno yake yote kwa kusikiliza, ukirudia pale yanapopotea. Halafu chini yake uandike fumbo lilieleweka vipi mtaani kwenu, lilitumiwa na nani dhidi ya nani, katika ukumbi gani, na lilijibiwa kwa wimbo gani au kwa khanga gani. Usiwaandike wahusika kwa majina, kwa kuwa wana watoto na wakwe. Andika uhusiano wao tu, kwamba ni mke mkubwa na mke mdogo, wifi na wifi, mpangaji na mama mwenye nyumba. Waite wenzako wa rika moja mfanye kazi hiyo pamoja alasiri moja kwa wimbo mmoja, kwani kila mmoja atakuwa amekumbuka kipande ambacho mwingine hanacho, na mabishano yenu juu ya maana ya fumbo nayo yaandikeni, maana fumbo lililoeleweka kwa njia mbili ni fumbo lililotungwa vizuri. Kama khanga yenyewe bado ipo, ikunje uiweke pamoja na kaseti yake.

Katika kuandika utagundua kwamba nyimbo hazizeeki kwa namna moja. Zile zilizofumbwa kwa ustadi huongezeka utamu, kwa sababu mtu wa miaka sitini anaona ndani yake mambo ambayo mtu wa ishirini na tano hakuwa na macho ya kuyaona, hasa kuhusu wivu, na kuhusu upweke wa yule anayejigamba kuliko wote. Zile zilizotukana waziwazi huchacha. Na ziko ambazo ni lazima tuzitazame bila kupepesa macho, nyimbo zilizomcheka mwanamke asiyejaliwa mtoto, au maskini kwa umaskini wake, au mgonjwa kwa kukonda kwake wakati ambao ugonjwa ulikuwa ukimaliza watu mitaani. Maoni yangu ni kwamba nyimbo hizo zisifutwe, kwa kuwa ni ushahidi wa tulivyokuwa, lakini zisipigwe tena mbele za watu. Mle ukumbini walikuwamo walioumia wakalazimika kutabasamu, na baadhi yao ndio tunaokaa nao leo kwenye mikeka ya misiba.

Hilo linanileta kwa yule mbaya wako wa zamani, ikiwa ulikuwa naye. Usiusubiri wimbo ule uwakute pamoja harusini. Mwendee kwake, umsalimie, umjulie hali ya watoto, na mazungumzo yakifika kwenye enzi zile uyaache yaende. Mara nyingi yeye ndiye mtu pekee aliyesalia anayeukumbuka usiku ule kama unavyoukumbuka wewe. Akicheka, mnaweza kuusikiliza pamoja. Uso wake ukibadilika, wimbo huo uutoe katika orodha ya shughuli zote mtakazohudhuria wote wawili, na usimweleze mtu sababu.

Kuhusu mahali pa kupiga nyimbo hizi, busara ya kale ilikwisha kutuwekea mipaka na sioni haja ya kuivunja. Kitchen party na shughuli nyingine za wanawake watupu ndipo mahali pake panapofaa kuliko pote, na bibi akicheza huko hakuna anayepaswa kumwangalia vibaya. Sebuleni mbele ya wajukuu, chagua zilizofumbwa: mtoto atasikia habari za ndege na maua, mtu mzima atasikia kinachosemwa, na kila mmoja atakuwa amepata kinachomfaa. Mtoto akiuliza maana, mjibu kwa kadiri ya umri wake bila kumdanganya. Ramadhani kaa kimya kama vikundi vyenyewe vilivyozoea kukaa kimya, maana sehemu ya ladha ya onyesho la Idd mosi ilikuwa huo mwezi mzima wa kungoja nyimbo mpya.

Masikio nayo yanahitaji uangalizi. Usikivu unapopungua kwa umri hutangulia kupotea sauti nyembamba, ambazo ndizo zinazobeba konsonanti, huku besi ikibaki ileile. Ndiyo maana wazee wengi husema kwamba wanasikia ngoma lakini hawayasikii maneno, kisha wanaongeza sauti na kuzidi kujiumiza. Kwa mpasho, maneno ndiyo kila kitu. Punguza besi, pandisha sauti za kati na za juu, sogeza kiti karibu na spika, na nenda ukapimwe masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isikilizwe kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na kumbi zetu nyingi hupita kiwango hicho kwa mbali, kwa hiyo ukienda kwenye onyesho kaa mbali na spika kubwa na utoke nje mara kwa mara kupumzisha masikio na magoti.

Wapo ambao dini imewafikisha mahali pa kuacha. Wasilazimishwe na wasisimangwe. Hata mwimbaji Mzee Yusuf wa kikundi cha Jahazi, aliyekuwa kileleni, alitangaza mwaka 2016 kwamba anaacha muziki kwa ajili ya ibada, na baadaye akarudi jukwaani. Mapito ya moyo ni ya mwenye moyo. Ninachowaomba wanaoacha ni kwamba wasizichome kaseti zao, bali wampe ndugu au rafiki azitunze.

Na vijana wanapokuletea singeli, muziki wao wa kasi, sikiliza kabla ya kusema neno. Watayarishaji wake wa mwanzo huko uswahilini Dar es Salaam walichukua vipande vya kinanda vya taarabu na vya mchiriku, muziki mwingine wa mitaani, wakavikimbiza na kuvirudiarudia, kwa hiyo unachokiita kelele huenda kina ndani yake ala ya ujana wako. Mwombe mjukuu akupigie taratibu, umtafutie kile kinanda, kisha umpigie na wewe wimbo mmoja mzima, dakika zake zote kumi na zaidi, bila kuukata. Akipendezwa na ala na yuko Unguja, kipo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachofundisha taarabu tangu mwaka 2002, na huko atazikuta udi na ganuni ambazo kinanda chetu kilizisukuma pembeni.

Mwisho ni suala la mrithi, ambalo wengi huliahirisha. Usiziachie kaseti na daftari kwa mtoto mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Ziachie kwa yule anayeuliza maswali, awe mtoto, mpwa au jirani. Mkabidhi ungali hai, mkae naye mpitie ukurasa kwa ukurasa, na umweleze ni nyimbo zipi hazipaswi kupigwa mbele ya nani hadi mtu huyo atakapotangulia mbele ya haki.