Matobolwa ya nyumbani: panda viazi vyako ukihesabu jua la Julai

Matobolwa mazuri, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, hayaanzii jikoni. Yanaanzia siku unayoamua marando, yale mashina yanayotambaa, yaingie ardhini. Wengi wetu hapa Mwanza tunapanda viazi vuli inapofungua, mwezi wa kumi, vinakomaa Februari au Machi, masika nayo imeshapiga hodi. Viazi vya kutokosa na kula na chai utavipata, tena vitamu. Lakini jaribu kuvianika: leo mawingu, kesho manyunyu, siku ya tatu vipande vimeota ukungu na kazi yote imekwenda kwa kuku.

Kwa hiyo mimi nahesabu kurudi nyuma. Jua la kuaminika tunalo Juni hadi Agosti. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vya aina ya Kabode vinakomaa kwa karibu miezi 4. Toa miezi 4 kutoka mwanzo wa Julai, unaangukia mwanzo wa Machi, mvua za masika zinapoanza kushika. Panda hapo.

Kwa msomaji wa mbali na Usukumani: matobolwa ni viazi vitamu vilivyotokoswa, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa. Michembe huanikwa ikiwa mbichi, ikatokoswa siku ya kuliwa. Hapa nashughulika na matobolwa, kwa sababu mtoto anaweza kuchota kiganja akatafuna akienda shule, bila biskuti wala pipi.

Hatua ya 1: Marando

Hapa usifanye haraka. Kiazi kitamu hakipandwi kwa mbegu ya dukani, kinapandwa kwa kipande cha mmea mwingine, na ugonjwa wa mmea ule unahamia kwako pamoja nao. Ugonjwa mbaya kuliko yote ni wa virusi. Virusi vya aina 2 vikikutana kwenye shina moja, kimoja kimeletwa na vidukari na kingine na inzi weupe, mmea unadumaa, majani yanakuwa madogo, yamejikunja, yamepauka, na chini hupati kitu zaidi ya vimizizi. Dawa ya kupulizia ikatibu virusi hakuna. Ukiona shina la namna hiyo shambani kwa jirani, usikate hata lile la pembeni yake linaloonekana zima. Ukiliona kwako, ling'oe lote ukalifukie.

Kata kipando kutoka kwenye ncha ya rando, urefu wa sentimita 30 hivi. Sehemu ya chini, ile iliyokomaa na kuwa ngumu kama kijiti, iache. Fukusi wa viazi hupenda kutaga mayai kwenye shina kuukuu karibu na ardhi, ukiipanda hiyo umempanda na fukusi. Ondoa majani ya chini, funga vipando kwa kitambaa chenye unyevu, viweke kivulini siku 1 au 2. Kwenye pingili utaona vidoti vyeupe vinachungulia: mizizi imeshaanza.

Kuhusu aina, nashauri upande lishe na nyeupe, zote mbili. Kabode ilitolewa Uganda mwaka 2007 na timu ya mtafiti Robert Mwanga, ambaye mwaka 2016 alipokea Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na wenzake 3 kwa kazi ya kuongeza virutubisho kwenye mazao. Rangi yake ya chungwa ni beta-karotini, ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Viazi vyeupe vya kwetu havina hiyo, ila vina unga mwingi na vinakauka upesi. Marando safi ulizia kwa wakulima wanaozalisha vipando, au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kule Misungwi, ambako utafiti wa viazi vitamu unafanyika.

Hatua ya 2: Udongo na kupanda

Uwanja wenye luseni, ule mchanga mwepesi unaotokana na mawe yetu, ni bahati. Kiazi kinanenepa bila kubanwa na kinatoka ardhini kikiwa safi. Mbuga, ule udongo mweusi, unashika maji masika na kupasuka kiangazi, na hapo lazima uinue tuta juu sana. Fanya matuta yenye kimo cha goti kasoro kidogo, nafasi ya mita 1 kutoka tuta hadi tuta, na sentimita 30 kutoka shina hadi shina. Laza kipando kimshazari, theluthi 2 ziwe ardhini. Viazi hutoka kwenye pingili zilizofukiwa, hivyo hakikisha angalau pingili 3 zimezama.

Waliojenga mlimani, juu ya mawe tupu, watumie magunia. Toboa chini maji yapite, changanya ndoo 4 za udongo wa kichanga na ndoo 1 ya samadi iliyooza vizuri, panda vipando 3 tu kwa gunia. Ukiongeza samadi ukidhani unasaidia, utapata marando yanayotambaa hadi barabarani na viazi kama vidole. Mmea ukishiba naitrojeni hujenga majani.

Wiki 2 za mwanzo usiache udongo ukauke. Palilia mpaka marando yafunike tuta, baada ya hapo magugu hayana nafasi. Majani machanga ya mboga chuma kwa kiasi, kidogo hapa kidogo pale. Mbuzi wafungiwe, maana hakuna chakula wanachokipenda zaidi.

Hatua ya 3: Mei, kazi ambayo wengi wanairuka

Mvua zinakata, udongo unakauka, na viazi vinaendelea kunenepa. Tuta linapasuka. Huo ufa ndio mlango wa fukusi: hana uwezo wa kuchimba mbali, anapita kwenye nyufa mpaka akutane na kiazi. Pita asubuhi na jembe dogo, pandisha udongo kwenye tuta, ziba kila ufa, funika kila kiazi kilichotokeza bega. Rudia kila baada ya wiki kadhaa. Kiazi kilichoingiwa na fukusi kinakuwa kichungu, na uchungu huo hautoki kwa kutokosa wala kwa jua, kwa hiyo kisichanganywe na vizuri hata kipande.

Hatua ya 4: Kuvuna

Siku 4 au 5 kabla ya kuvuna, kata marando yote juu ya tuta na uviache viazi ardhini. Ngozi inakomaa na haichubuki ovyo. Chimba kwa mkono na kijiti, viazi vyenye jeraha viliwe kwanza, vizima vitandaze kivulini siku 3. Utamu unaongezeka vikinyauka kidogo.

Hatua ya 5: Kutokosa

Osha, usimenye. Chagua vinavyolingana unene, panga kwenye sufuria, vikubwa chini. Maji ya baridi yafike robo tu ya sufuria, kisha funika viazi kwa majani ya mgomba na juu yake mfuniko. Moto wa mkaa uwe wa wastani tangu mwanzo. Ndani ya kiazi mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, na hufanya kazi kiazi kinapopata joto taratibu. Joto likikaribia la kuchemka, kazi yake imekwisha. Ukianza na maji yanayotokota na moto mkali, umekinyima muda, na matobolwa yako yatakuwa na ladha ya unga.

Vyeupe vitoe uma unapopenya bila shida. Vya lishe vitoe mapema zaidi, uma unapopenya huku katikati pakikataa kidogo, kwa sababu vina maji mengi na vikiiva sana vitabondeka unapokata.

Hatua ya 6: Kukata na kuanika

Menya vikiwa vuguvugu, kisha viache vipoe kabisa. Kata kwa kisu kikali kilicholowekwa maji, unene wa sentimita 1. Vipande vyembamba vinakuwa vigumu kama kigae, vinene mno vinachacha katikati.

Mababu walianika juu ya mawe, na hakuna asiyejua jinsi mawe ya Mwanza yanavyowaka saa 7 mchana. Bado yanafaa, ila tandika mkeka safi au turubai. Mijusi ya kichwa chekundu huota jua papo hapo na kinyesi chake hakionekani kirahisi. Mimi napenda chanja: miti 4, waya wa wavu juu, kipande cha chandarua kipya kisicho na dawa kuzuia nzi. Hewa inapita chini na juu, vipande vinakauka sawasawa. Vya lishe viwekee kitambaa chepesi cha kuvitia kivuli, kwani jua kali la moja kwa moja linaunguza ile beta-karotini uliyoipandia.

Geuza mchana, ingiza ndani kabla ya magharibi. Usiku wa karibu na ziwa una unyevu, na kilichokauka mchana kutwa kinaunywa tena. Siku ya kwanza uso unakuwa mkavu na unang'aa kidogo, ya pili kingo zinajikunja. Siku ya tatu au ya nne, chukua kipande kinene kuliko vyote, kikunje: kikikunjika kama ngozi ya mkanda, hakivuji wala hakinati kidoleni, kiko tayari kutafunwa. Haya malaini yaliwe ndani ya wiki 1 au 2. Ya kuweka muda mrefu yaendelee kukauka mpaka yavunjike.

Yakipoa, tia kwenye chupa au ndoo yenye mfuniko wa kubana. Baada ya siku 2 tazama ndani ya mfuniko. Ukiona matone, rudisha juani siku hiyohiyo. Yenye doa la ukungu yatupwe, usikwangue.

Kuyala, na vile vilivyobondeka

Matobolwa na karanga za kukaanga ndiyo namna bora. Karanga zina mafuta, na vitamini A ya viazi lishe inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Na mtindi yanaenda vizuri pia, hasa yale magumu ukiyaloweka humo nusu saa.

Viazi vilivyobondeka vifanye maandazi. Kikombe 1 cha viazi vilivyopondwa, vikombe 2 vya unga wa ngano, sukari vijiko 3 vya chakula, hamira kijiko 1 cha chai, iliki, chumvi kidogo, mafuta kijiko 1. Kanda bila maji kwanza. Mara nyingi unyevu wa viazi unatosha. Uache unga uumuke, kata, kaanga kwa moto wa wastani. Yanashika rangi upesi kwa sababu ya sukari ya viazi, usiondoke jikoni.

Kabla hujamaliza vyote

Tenga viazi vidogo visivyo na jeraha wala tundu. Vifukie kwenye beseni la mchanga mkavu uliopoa, visigusane, mahali pasipofika panya. Katikati ya Agosti uvipande kwenye kitalu karibu na bomba, umwagilie. Ndani ya wiki 6 hadi 8 vitatoa marando ya vuli, na ukiyapanda Oktoba, hayo ndiyo yatakayokupa vipando vya Machi.